Mwongozo kamili: Kusoma saa na siku za mauaji ya Whitechapel, 1888

Mtu aliyewaua wanawake wa mashariki mwa London mwaka 1888 hakukamatwa. Hata jina analoitwa hadi leo, Jack the Ripper, lilitoka kwenye barua iliyolifikia shirika la habari mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Hakuna alama za vidole, na vielelezo vingi vya polisi vimepotea. Kitu kimoja kilichobaki kwa wingi ni saa. Konstebo walieleza walipita wapi saa ngapi, madaktari walikadiria muda wa kifo, na majirani waliapa kwamba walisikia kengele ya kanisa ikigonga.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kuzichambua saa hizo mwenyewe badala ya kumeza nadharia ya mtu mwingine. Niseme msimamo wangu mapema: wakati wa uhalifu una nguvu kubwa ya kumtoa mtu kwenye orodha ya washukiwa, lakini nguvu yake ya kumwingiza ni ndogo sana. Vitabu vingi hufanya kinyume. Mwandishi huchagua mtu kwanza, kisha huzungusha saa mpaka zimkubali.

Andaa jedwali, ramani ya Whitechapel ya miaka hiyo, na ripoti za magazeti kuhusu vikao vya mahakama ya uchunguzi wa vifo. Ripoti hizo sasa zinasomeka mtandaoni, na ndizo zinazobeba ushahidi wa saa kwa maneno ya mashahidi wenyewe.

Hatua ya 1: Amua mapema ni vifo vipi unavihesabu

Watafiti wengi huanza na wanawake watano: Mary Ann Nichols (31 Agosti), Annie Chapman (8 Septemba), Elizabeth Stride na Catherine Eddowes (wote 30 Septemba), na Mary Jane Kelly (9 Novemba). Orodha hii haikutoka mahakamani. Daktari Thomas Bond aliyahusisha mauaji hayo matano na mkono mmoja katika ripoti yake ya 10 Novemba 1888, na ofisa wa polisi Melville Macnaghten akarudia idadi hiyo katika waraka wa 1894.

Jalada la polisi lenyewe ni pana zaidi. Lina vifo kumi na kimoja, kuanzia Emma Smith aliyeshambuliwa 3 Aprili 1888 hadi Frances Coles aliyeuawa 13 Februari 1891. Katikati yumo Martha Tabram, aliyekutwa na majeraha 39 ya kuchomwa mnamo Jumanne, 7 Agosti 1888.

Uamuzi wako hapa unabadilisha kila kitu kitakachofuata. Ukiwahesabu watano tu, mauaji yote yanaangukia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ukimwongeza Tabram, mpangilio huo unavunjika. Ukimwongeza na Alice McKenzie, aliyeuawa Jumatano, 17 Julai 1889, unavunjika zaidi, na hadithi ya muuaji aliyekoma Novemba inaanguka pia. Basi tengeneza majedwali mawili, la watano na la wote, na kila hitimisho ulijaribu katika yote mawili. Likisimama katika moja tu, liandike kwa penseli.

Hatua ya 2: Geuza saa na tarehe bila kuchanganya usiku

Maandishi ya Kiingereza yanahesabu saa kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia magharibi. Mwili wa Nichols ulionekana Buck's Row saa 3.40 kwa hesabu yao, yaani saa tisa na dakika 40 usiku kwa yetu. Kuondoa saa sita ni rahisi. Hatari imejificha kwenye tarehe.

Wao wanasema Nichols aliuawa "Ijumaa". Sisi tungesema usiku wa kuamkia Ijumaa, na hapo tumesema jambo sahihi zaidi, kwa sababu kwa muuaji ule ulikuwa usiku wa Alhamisi ambao haujaisha. Jaza safu ya tarehe kwa mtindo huo: Nichols, kuamkia Ijumaa, Chapman, kuamkia Jumamosi, Stride na Eddowes, kuamkia Jumapili, Kelly, kuamkia Ijumaa. Tutarudi kwenye safu hii, maana ndiyo inayoyumbisha nadharia ya "mwisho wa wiki".

Kisha jiulize kila saa ilitoka wapi. Saa ya Greenwich ilifanywa saa rasmi ya Uingereza kisheria mwaka 1880, lakini maskini wa Whitechapel hakuwa na saa mfukoni. Alitegemea kengele za kanisa, saa ya kiwanda cha bia, au saa iliyoning'inizwa dukani. Tazama kilichotokea Buck's Row. Robert Paul alisema alikuwa njiani kwenda kazini saa kumi kasorobo. Konstebo John Neil alisema aliukuta mwili saa kumi kasorobo. Konstebo Jonas Mizen, aliyekuwa mitaa kadhaa mbele, alisema Paul na mwenzake walimpa taarifa saa kumi kasorobo. Mambo hayo matatu hayawezi kutokea katika dakika moja. Hakuna haja ya kumwita yeyote mwongo; kila mmoja alichukua robo iliyokuwa karibu naye.

Kanuni yangu: shahidi aliyetazama saa au kusikia kengele, mpe nafasi ya dakika tano mbele na tano nyuma. Aliyekisia tu, mpe robo saa kila upande. Zichore nyakati hizo kama vipande vya mstari, usiziweke kama nukta. Nadharia nyingi zinazotegemea "pengo la dakika nne" hutoweka hapo hapo.

Hatua ya 3: Tenganisha kuonekana hai, kupatikana kwa mwili, na makadirio ya daktari

Kifo cha Annie Chapman ndicho darasa bora la hatua hii, na ningekushauri ukae nacho muda mrefu kuliko kingine chochote.

Mwili wake ulikutwa uani mwa nyumba namba 29 Hanbury Street karibu saa kumi na mbili asubuhi. Daktari George Bagster Phillips alifika saa kumi na mbili na nusu, akasema amekufa si chini ya saa mbili zilizopita, na pengine zaidi. Hiyo inamweka kabla ya saa kumi na nusu, wakati wa giza. Lakini John Richardson alisema alipita hapo karibu saa kumi na moja kasorobo, akaketi kwenye ngazi za uani kukata kipande cha ngozi kilichomsumbua kwenye kiatu, na hakuona mwili. Albert Cadosch wa nyumba ya jirani alisikia sauti ya kukataa, kisha kitu kikigonga uzio, muda kidogo kabla ya kupita kanisa la Spitalfields ambalo saa yake ilionyesha kumi na moja na dakika 32. Na Elizabeth Long aliapa kwamba alimwona Chapman akiwa hai pamoja na mwanamume karibu na nyumba hiyo, baada tu ya saa ya kiwanda cha bia kugonga kumi na moja na nusu.

Cadosch na Long hawapatani kwa dakika chache. Kwa kanuni ya hatua ya pili, hiyo si kasoro kubwa. Daktari na mashahidi watatu hawapatani kwa zaidi ya saa nzima, na hapo lazima uchague. Mimi naegemea mashahidi. Phillips mwenyewe alikiri kwamba asubuhi ilikuwa ya baridi na damu nyingi ilikuwa imemwagika, mambo mawili yanayoupoza mwili haraka. Daktari wa wakati huo alipima joto kwa kiganja.

Chaguo hilo lina uzito kwa sababu linatoa watu wawili tofauti. Ukimfuata Phillips, unapata mtu anayemaliza kazi yake gizani na kutoweka. Ukiwafuata mashahidi, unapata mtu aliyeua jua likiwa limechomoza au linachomoza, nyuma ya nyumba yenye wapangaji kumi na saba, siku ya soko, wakati Spitalfields imekwisha kuamka. Kumbuka kwamba London si Dar es Salaam wala Mombasa. Kwetu mapambazuko hayasogei sana mwaka mzima. Kule, mapema Septemba jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu, na tarehe 9 Novemba huchelewa hadi baada ya saa moja asubuhi. Kila tukio litafutie mawio yake.

Kwa Kelly tatizo linarudi kwa sura nyingine. Alikutwa chumbani mwake, Miller's Court, saa tano kasorobo asubuhi. Bond alikadiria kifo saa saba au nane usiku. Wanawake wawili walisikia kilio cha "mauaji" karibu na saa kumi usiku. Caroline Maxwell alishikilia kwamba aliongea na Kelly asubuhi baada ya saa mbili. Bond alikiri ugumu wa kukadiria. Andika yote matatu. Mimi naona kilio cha saa kumi ndicho chenye nguvu zaidi kwa kuwa kilisikika na watu wawili tofauti, ingawa katika mitaa ile kilio kama hicho hakikuwa kigeni.

Hatua ya 4: Uliza kwanza saa hizo zinasema nini kuhusu waliouawa

Hapa ndipo wachambuzi wengi hukosea, na huniuma, kwa sababu kosa lenyewe linawafuta wanawake hawa mara ya pili. Wanaona mauaji yote yametokea usiku mkubwa, wanasema: "Muuaji alipenda usiku mkubwa." Lakini kwa nini wanawake hao walikuwa nje saa hizo?

Nichols alikosa peni nne za kitanda katika nyumba ya kulala. Rafiki yake Ellen Holland alimkuta saa nane na nusu usiku akiwa amelewa, akamwambia kwamba siku hiyo alikwisha kupata pesa ya kitanda mara tatu na kuitumia yote. Chapman alitolewa nyumba ya kulala ya Dorset Street karibu na saa nane usiku, kwa sababu hiyo hiyo. Eddowes alikamatwa saa mbili na nusu usiku kwa ulevi, akawekwa kituo cha polisi cha Bishopsgate, akaachiwa saa saba usiku. Dakika 45 baadaye mwili wake ulikutwa Mitre Square. Saa ya kifo chake ilipangwa kwa sehemu kubwa na askari aliyemfungulia mlango.

Kwa hiyo saa za mauaji ni saa za umaskini kwanza. Ongeza safu mbili kwenye jedwali: "alikuwa nje kwa sababu gani" na "tangu lini". Kinachobaki baada ya kuondoa sababu hizo ndicho unachoweza kumhusisha muuaji, nacho ni kidogo.

Fanya hivyo hivyo kwa doria za polisi. Neil alipita Buck's Row saa tisa na robo, akarudi nusu saa baadaye. Konstebo Edward Watkins aliuzunguka mtaa wake, ikiwamo Mitre Square, kwa dakika 12 hadi 14. Wengine hudai muuaji alizijua ratiba hizi. Inawezekana, lakini wanawake waliofanya biashara ya mwili mitaani walizijua pia, na wao ndio waliochagua pembe za giza kati ya mizunguko miwili. Pengine muuaji alipelekwa mahali salama na mhanga mwenyewe.

Hatua ya 5: Pima siku za wiki kwa hesabu

Nyakati nne za mauaji, zote kati ya Ijumaa na Jumapili: inaonekana kama ushahidi mzito. Tufanye hesabu. Uwezekano wa siku nne zilizotokea ovyo kuangukia siku hizo tatu ni 3/7 mara yenyewe mara nne, yaani 81 kwa 2,401, karibu asilimia 3.4. Inavutia. Ila siku hizo tatu zilichaguliwa baada ya kuyaona matokeo. Kama mauaji yangekuwa Jumatatu hadi Jumatano, tungetunga nadharia nyingine na kuiamini vile vile. Swali la haki ni hili: kuna uwezekano gani wa siku nne za ovyo kuangukia siku tatu zozote zinazofuatana? Jibu ni 455 kwa 2,401, karibu asilimia 19. Takriban mara moja katika kila tano.

Sasa rudi kwenye safu ya "kuamkia". Nadharia inasema alikuwa mfanyakazi aliyepumzika mwisho wa wiki. Lakini Ijumaa, 31 Agosti ilikuwa siku ya kazi. Jumamosi, 8 Septemba wengi walifanya kazi hadi mchana. Ijumaa, 9 Novemba kulikuwa na maandamano ya Meya mpya wa London, ila haikuwa sikukuu ya wote. Usiku pekee uliofuatwa kweli na siku ya mapumziko ni ule wa kuamkia 30 Septemba. Mfanyakazi wa wiki nzima angelazimika kwenda kazini saa chache baada ya kuua, mara tatu kati ya nne.

Kinachopatana zaidi ni mtu asiyedaiwa na mwajiri asubuhi, au mtu ambaye kazi yake yenyewe humtoa nje usiku: mchukuzi wa sokoni, mchinjaji, mwendesha gari la farasi. Bond, bila kutumia kalenda, alimdhania mtu asiye na kazi ya kudumu lakini mwenye kipato kidogo. Makundi haya mawili yana maelfu ya watu. Usijaribu kuyapunguza kwa siku za wiki. Kalenda haina uwezo huo.

Nadharia ya meli ilizaliwa hapa hapa. Karani wa forodha, Edward Knight Larkins, aliamini kwamba wauaji walikuwa mabaharia wa meli za ng'ombe kutoka Ureno, kwa kulinganisha tarehe za kutia nanga. Malkia Victoria naye alimuuliza waziri wake kama meli za ng'ombe na za abiria zimekaguliwa. Njia ya Larkins ilikuwa nzuri kwa sababu orodha za mabaharia zinaweza kuhakikiwa. Alishindwa pale ambapo baharia mmoja hakuweza kutosha tarehe zote, akaanza kuongeza mabaharia.

Hatua ya 6: Mwezi, kwa kifupi

Hakuna usiku hata mmoja kati ya hiyo minne ulioangukia mbalamwezi kamili. Mwezi ulikuwa mwembamba, au umekwisha kutua. Anayekuambia kuhusu kichaa cha mwezi mpevu hajafungua kalenda. Wala usihitimishe kwamba alilikusudia giza: usiku usio na mbalamwezi kamili ni mwingi kila mwezi.

Hatua ya 7: Fuata usiku wa kuamkia 30 Septemba dakika kwa dakika

Usiku huu ndio pekee unaotupa mwendo wa mtu, si nukta moja. Israel Schwartz aliona mwanamke akishambuliwa Berner Street saa saba kasorobo. Louis Diemschutz aliukuta mwili wa Stride saa saba kamili, baada ya kuona saa ya duka kwenye kona. Daktari Blackwell alifika saa saba na dakika 16 kwa saa yake ya mfukoni, akakadiria kifo dakika 20 hadi 30 nyuma. Mara hii daktari na mashahidi wanapatana vizuri.

Kutoka hapo hadi Mitre Square ni mwendo wa takriban robo saa kwa miguu. Watkins alipita uwanjani saa saba na nusu, hakuona kitu. Joseph Lawende alimwona mwanamume na mwanamke, ambaye nguo zake alizitambua baadaye kuwa za Eddowes, saa saba na dakika 35. Watkins akarudi saa nane kasorobo na kuukuta mwili. Daktari Gordon Brown alisema majeraha yale yalihitaji angalau dakika tano. Ukichora vipande vyako, vinatosheana, lakini kwa kubanana sana. Mtu huyu alifanya haraka, na alitoka uwanjani huku askari wakikaribia.

Kisha mashariki. Kipande cha aproni ya Eddowes kilikutwa Goulston Street saa tisa kasoro dakika tano na konstebo Alfred Long, aliyeapa kwamba hakikuwapo alipopita saa nane na dakika 20. Goulston Street ni dakika chache tu kutoka Mitre Square. Ama Long hakukiona mara ya kwanza, ama muuaji alikuwa mahali fulani kwa zaidi ya nusu saa kisha akatoka tena. Siwezi kukuamulia. Mwelekeo, hata hivyo, haubadiliki kwa jibu lolote: baada ya kuua ndani ya mipaka ya City, kitovu cha kale cha London kilicho magharibi mwa Whitechapel, alirudi Whitechapel, mahali ambapo polisi walikuwa wamekwisha kutapakaa kwa ajili ya Stride. Mgeni angeikimbia Whitechapel usiku ule. Hili naliona kuwa jambo lenye thamani kuliko yote ambayo saa zinatuambia kumhusu: yaelekea alikuwa na pa kuingia, karibu.

Hatua ya 8: Pima vipindi vya ukimya kwa tahadhari

Kati ya mauaji kuna siku 8, kisha 22, kisha 40. Wengine husoma humo mtu anayepoa. Lakini Oktoba polisi walisambaza vipeperushi 80,000 na kupekua nyumba kwa nyumba, na mauaji yaliyofuata yalifanyika ndani ya chumba. Siku 40 zinaweza kuwa za polisi, si za nafsi yake. Ukimya baada ya Novemba nao una maelezo mengi mno: kifo, jela, hospitali ya wagonjwa wa akili, kuhama. Usiutumie kumchagua mtu.

Hatua ya 9: Sasa leta majina, uyatoe

Mkutanishe kila mshukiwa na kila usiku, ukiuliza swali moja: kuna maandishi yanayomweka kwingine? Thomas Neill Cream alikuwa gerezani Illinois, Marekani, mwaka huo wote. Ametoka. Mwanamfalme Albert Victor alikuwa Scotland tarehe 30 Septemba. Ametoka. Michael Ostrog, mmoja wa washukiwa watatu waliotajwa katika waraka wa Macnaghten, alikuwa mikononi mwa vyombo vya sheria vya Ufaransa. Ametoka.

Montague Druitt alicheza kriketi Blackheath tarehe 8 Septemba, saa chache baada ya kifo cha Chapman. Treni zilikuwapo, kwa hiyo hatoki, ila hilo pia halimwingizi. Charles Lechmere, aliyekuwa wa kwanza kuuona mwili wa Nichols, alitakiwa kuwa kazini saa kumi alfajiri. Anayemshuku lazima achague: kama Elizabeth Long na Cadosch wako sahihi, Chapman aliuawa Lechmere akiwa kwenye zamu yake, na hapo nadharia inahitaji safari ya kikazi ambayo haina maandishi. Weka alama ya kuuliza mbele ya jina lake, na kando yake andika ni ushahidi upi ungeiondoa: kumbukumbu ya zamu ya mwajiri wake ya asubuhi hiyo ya Jumamosi.